Msitu wa Karura: Kazi ya Jamii Baada ya Siku ya Kupanda Miti

Msitu wa Karura ni mojawapo ya misitu mikubwa zaidi duniani iliyo ndani ya mipaka ya jiji. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na una ukubwa wa takriban hekta 1,000 kaskazini mwa kitovu cha Nairobi, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu. Jirani yake upande wa Gigiri ni makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Ndani yake mna maporomoko ya maji, mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha, ardhioevu, na njia za miguu na baiskeli zinazopita chini ya miti ya kiasili na ile iliyoletwa kutoka nje.

Usimamizi wa msitu huo uko mikononi mwa Shirika la Huduma za Misitu nchini, KFS, kwa ushirikiano na chama cha kijamii cha misitu kiitwacho Friends of Karura Forest. Ushirikiano huo haukuzaliwa mezani. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawiwa watu binafsi na kampuni zilizonuia kujenga nyumba. Mwaka 1998 wananchi walianza kupinga ugawaji huo waziwazi, na tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai, mwasisi wa Green Belt Movement, alijeruhiwa kichwani na wanaume waliokodiwa kuwazuia yeye na wenzake, wakiwemo wabunge, kupanda mti kwenye lango la msitu. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani siku zilizofuata. Mnamo Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Ardhi ilisalimika, lakini watu hawakuwa tayari kuingia. Kwa miaka kadhaa Karura ilijulikana kama maficho ya wahalifu, na miti ilikatwa ovyo kwa ajili ya kuni na makaa. Mabadiliko yalianza miaka kumi hivi baada ya mapambano hayo, wakazi wa mitaa jirani, ya matajiri na ya walalahoi kwa pamoja, walipojiunga katika chama kimoja. Uzio wa umeme uliwekwa kuuzunguka msitu. Vijana kutoka vijiji vya karibu, kikiwemo Huruma, waliajiriwa kuwa askari wa msitu. Hatua hiyo ya mwisho huenda ndiyo iliyozaa matunda zaidi, kwa kuwa mtu anayelipwa kulinda mti huwa na sababu ya kumzuia jirani yake asiukate.

Msingi wa kisheria wa kazi hii ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, ambayo inaruhusu wakazi wanaoishi karibu na msitu wa umma kusajili chama na kuomba kushiriki katika usimamizi wake. Chama hicho hakimiliki msitu. Hupewa haki za matumizi, kama vile kuendesha utalii wa mazingira, kurina asali au kuokota kuni, na kwa upande wake hubeba wajibu wa kuulinda msitu kwa kufuata mpango ulioidhinishwa. Katiba nayo, katika Ibara ya 69, inamtaka kila mtu ashirikiane na vyombo vya Serikali kuhifadhi mazingira.

Shughuli inayowavuta wananchi wengi zaidi ni upandaji miti, hasa tangu Serikali ilipotangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 na tarehe 10 Mei 2024 zilifanywa siku za mapumziko ili wananchi washiriki katika kazi hiyo. Shule, makanisa, misikiti, benki na ofisi za umma hufika kwa makundi wakati wa mvua za masika au za vuli, miche ikiwa imekwisha kuandaliwa.

Hata hivyo, siku ya kupanda ndiyo sehemu iliyo nyepesi zaidi. Mche uliotiwa udongoni mwezi wa Aprili hukabiliwa na kiangazi kabla mizizi yake haijafika mbali. Nyasi huuzidi urefu upesi, na mimea inayotambaa huuinamisha hadi ukavunjika. Kwa hiyo miche hupaliliwa mara kwa mara, ikafyekewa duara kuizunguka, na ile iliyokufa ikabadilishwa msimu unaofuata. Kazi hiyo haina kamera wala hotuba. Kundi linalorejea miezi sita baadaye na majembe husaidia msitu kuliko kundi linalopanda miche maradufu na lisionekane tena.

Upo pia uondoaji wa mimea vamizi. Lantana, yenye maua mazuri ya rangi nyingi, hufunika ardhi kiasi cha kuzuia mbegu za miti ya kiasili zisichipue. Hung'olewa pamoja na mizizi, kwa maana ikikatwa juu tu huchipuka tena. Mashamba ya mikaratusi yaliyoachwa na sera za enzi ya ukoloni huondolewa kwa awamu, na nafasi yake kuchukuliwa na muhugu, mutamaiyu, mukinduri na muthiga. Awamu hizo zina sababu. Mbega waliohamishiwa Karura kutoka Kipipiri, Kaunti ya Nyandarua, hula majani na hushuka chini kwa nadra. Eneo likikatwa lote kwa mkupuo mmoja, njia yao ya kupita mitini hukatika.

Mito nayo huingia Karura ikiwa imebeba taka za mitaa iliyo juu yake. Wanaojitolea huzikusanya kingoni, ingawa usafi huo hauwezi kudumu iwapo utupaji taka unaendelea nje ya uzio. Ndani ya msitu, plastiki zinazotumika mara moja tu zimepigwa marufuku tangu tarehe 5 Juni 2020, kama ilivyo katika maeneo yote ya hifadhi nchini. Mgeni anayebeba maji hana budi kutumia chupa ya kudumu.

Mbio, matembezi ya hisani, safari za kutazama ndege na ziara za wanafunzi huleta fedha pamoja na watu. Ada za langoni, zinazotofautiana kati ya wakazi na wageni kutoka nje ya nchi, zimekuwa zikigharimia ulinzi, ukarabati wa njia na vitalu vya miche. Ndiyo maana suala la nani azikusanye si dogo. Mwaka 2025 KFS iliagiza ada hizo zilipwe kupitia jukwaa la serikali la eCitizen. Chama cha kijamii kilipinga agizo hilo na suala likafikishwa mahakamani. Hoja ya upande mmoja ilikuwa uwajibikaji wa mapato ya umma, na ya upande wa pili uhakika kwamba fedha zinazotolewa na wageni wa msitu zitaendelea kuutunza msitu wenyewe.

Vikundi vinavyotaka kufanya shughuli Karura hutakiwa kupata idhini ya ofisi ya msitu mapema, kueleza idadi ya washiriki na aina ya kazi, na kukubali eneo watakalopangiwa. Miche ya kuletwa kutoka nyumbani haipandwi bila kukaguliwa, kwani si kila mti ufaao bustanini hufaa msituni. Mbwa hufungwa kamba muda wote. Kwa anayetaka kazi ya mikono lakini hana kundi, palizi huhitaji watu katika miezi ambayo mvua imekwisha na nyasi bado ziko juu.