Muziki, kingereza, kompyuta: masomo ya nyongeza ku primeri za kikatoliki za Bukavu, na nani anayalipa

Ukipita siku ya tano kisha saa sita karibu na shule moja ya kikatoliki mu komini ya Ibanda, unasikia watoto wanajifunza filimbi, noti moja moja, wanakosea na kuanza tena. Panda Kadutu saa ileile, ku shule ingine ya kikatoliki. Pale hausikii filimbi. Unasikia kundi la pili la watoto linaingia, sababu kundi la asubui limetoka na madawati ni yaleyale. Shule zote mbili ziko chini ya askofu mukuu mumoja, zinafuata programu moja ya serikali, na watoto wao wa mwaka wa sita wanafanya mutihani mumoja. Basi filimbi inatoka wapi, na kwa nini inafika huku bila kufika kule?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ku primeri ya Kongo mwalimu mumoja anashika darasa moja na anafundisha karibu yote: kifaransa, hesabu, sayansi, uraia, dini, kuimba, michezo. Mwalimu wa masomo ya nyongeza ni mutu mwingine. Yeye hana darasa lake. Anapita toka darasa moja mpaka lingine, nusu saa huku, saa moja kule, na kile anachojua ni kimoja: muziki, ao kingereza, ao kompyuta, ao kuchora. Shule zingine zinaongeza teatre, judo, ngoma za asili. Wakati yuko ndani, mwenye darasa anasahihisha makayé ao anapumua kidogo.

Kuko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kuimba na kuchora si nyongeza hata kidogo. Viko ndani ya programu ya inchi kwa primeri, pamoja na michezo na kazi ya mikono, na vina saa yao ku ratiba. Shida ni mutihani. ENAFEP, ule wa kumaliza primeri ambao zamani tuliuita TENAFEP, hauulizi mutoto kuimba wala kuchora. Unapima kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Kwa hiyo saa ya kuchora ndiyo ya kwanza kuibiwa. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo: mu mwaka wa sita, kuchora kulikuwa ku ratiba iliyobandikwa ukutani, na kila juma saa ile tulifanya hesabu za riba na asilimia. Sikushika rangi hata mara moja. Kingereza na kompyuta ni kesi ingine. Kingereza hakimo mu programu ya primeri, kinangoja sekondari. Shule inayokitoa toka mwaka wa kwanza inakitoa kwa akili yake na kwa feza inayotafuta yenyewe.

Zamani za misioni

Jambo hili si mupya. Shule za misioni za wakati wa Wabelgiji zilikuwa na kwaya, bustani, useremala na ushonaji, na mahali pengine fanfari ya kupuliza siku za sikukuu. Yesuiti walifungua koleji yao mu 1938, wakati muji ulikuwa bado unaitwa Costermansville. Ilikuwa Notre-Dame de la Victoire, ile tunayoita leo Alfajiri. Nje ya shule kulikuwa pia vikundi vya vijana. Xaveri, chama kilichozaliwa hapa Bukavu mu miaka ya 1950 kwa mukono wa Padri Georges Defour, kilifundisha watoto wengi kuimba, kucheza na kusema mbele ya watu. Wazee wengi wa muji huu waliojua kusimama ku jukwaa, walianzia kule.

Mwisho wa 1974 Mobutu alichukua shule zote za dini zikawa za serikali. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa walitia sahihi mapatano ambayo yanatuongoza mpaka leo, na ndiyo sababu tunasema shule za "konvansione". Serikali inaweka programu, inatuma wainspekta na inalipa walimu. Kanisa linaongoza shule kila siku, linachagua direkta, linaweka walimu, linafundisha dini. Mutu asiyeelewa mapatano haya hataelewa kwa nini primeri ya kikatoliki ni shule ya umma, hata kama sista ndiye anayeshika kengele.

Feza

Hapa ndipo mambo yanachemka. Mwanzo wa miaka ya 1990 mushahara wa serikali ulikuwa umekufa, na wazazi waliombwa kuongezea walimu primu ili masomo yasifungwe. Jambo la muda lilidumu karibu miaka 30. Primu ile haikuwa nzuri kwa wote, tuseme ukweli, watoto wengi walifukuzwa ku mulango sababu yake. Lakini ndani ya feza ile ndimo mwalimu wa muziki alimopata chake.

Katiba ya 2006, mu artikle ya 43, inasema primeri ya umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Watoto walijaa. Mu shule zingine darasa moja likapita watoto mia, na hapa Kivu Kusini walimu wa shule za kikatoliki waligoma, sababu primu ilikatwa mbele mushahara haujarekebishwa. Wengi hawakuwa hata ku listi ya serikali. Na kama mwalimu wa kawaida anangoja miaka kuingizwa ku listi, yule wa filimbi je? Ku listi mutu anaingia kwa nafasi ya darasa. Mwalimu wa nyongeza hana darasa.

Tangu pale shule zimegawanyika. Zile za konvansione haziruhusiwi kudai feza ya primeri, basi nyongeza zimekufa, ao zimebaki mikononi mwa seminari, mwanafunzi wa chuo kikuu ao sista mwenye kujitolea. Zile za kikatoliki lakini za binafsi, zilizoagrewa, zinaendelea kudai minervali na zinaweka kingereza na kompyuta mbele kabisa ku tangazo lao. Sioni ubaya kwa muzazi anayelipa. Ila kuimba, ambako programu inampa kila mutoto, kumekuwa kitu cha kununua. Hilo linaniuma kuliko kompyuta.

Ku kompyuta wazazi waangalie vizuri. Tuko na Ruzizi mbele yetu, maji yanazungusha mashine usiku na mchana, na bado kukatwa kwa moto ni jambo la kila siku. Kuko shule ambazo mwalimu anachora klaviye ku ubao na watoto wanaweka vidole ku karatasi. Usicheke: mutoto anayejua mahali herufi zinakaa hapotezi wakati siku atakapopata mashine ya kweli. Lakini kulipia kompyuta na kupewa karatasi ni mambo mawili.

Kingereza ndicho kinachotakwa zaidi sasa, na sababu zinaonekana. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iligeukia kingereza mu shule tangu 2008. Kongo nayo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022. Muzazi anayepitisha bidhaa za Kampala ao Dar es Salaam anajua namna gani mutu anaibiwa kwa kutosoma fakitire. Lakini tusisahau kwamba mu miaka miwili ya kwanza programu inataka mutoto afundishwe kwa luga ya inchi, kwetu ni kiswahili. Mutoto wa miaka sita anayebebeshwa kifaransa na kingereza mbele ya kujua kusoma kiswahili chake anakariri tu, kama kasuku.

Mbele ya kuandikisha mutoto

Kuko maulizo ambayo direkta hawezi kukasirikia. Shule hii ni ya konvansione ao ni ya binafsi? Kama ni ya konvansione na wanaomba feza ya nyongeza, ni ya lazima ao ya hiari, na komite ya wazazi ilikubali wapi? Omba risiti. Mutoto asiyelipa anakaa wapi saa ile, ndani ao chini ya muti? Nyongeza iko ndani ya ratiba ao kisha masomo, na kama ni kisha, nani anamuleta nyumbani? Swali hili la mwisho limekuwa zito tangu Februari 2025, wakati M23 iliingia mu muji. Banki zilifungwa, feza ikawa ngumu, na wazazi wengi hawataki mutoto abaki njiani jioni. 

Ingia pia mu darasa kama wanakuruhusu, siku yoyote isiyo ya sikukuu. Uliza mutoto wa mwaka wa tatu akuonyeshe kile alichochora juma lililopita.