Dhana ya Kusafiri Peke Yake: Usimulizi wa Safari Chini ya Vilima vya Nyambene

Katika vitabu vya safari vya mwishoni mwa karne ya 19, neno "peke yake" linastahili kuchunguzwa kwa makini. Msomaji humkuta msafiri ameamka alfajiri, kambi imetulia, naye anautazama mlima ukijitokeza ndani ya ukungu. Huambiwa kwamba mtu huyo yu peke yake. Makala haya yanadai kwamba upweke huo ni zao la usimulizi kuliko hali halisi ya safari, na kwamba mazungumzo ya njiani, ambayo vitabu hivyo huyapa nafasi finyu, ndiyo yaliyoiendesha safari yenyewe. Eneo linaloangaliwa ni Igembe, nchi ya vilima vya Nyambene, ambamo leo umo mji wa Kangeta kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua.

Mfano wa kwanza ni William Astor Chanler, tajiri wa Kimarekani aliyeondoka Lamu mwezi Septemba 1892 akiandamana na Ludwig von Höhnel, akaufuata Mto Tana hadi nchi za Nyambene, ambazo katika kitabu chake cha 1896 zinaitwa Jombeni. Waigembe, anaowaita Embe, waliushambulia msafara huo na baadhi ya wapagazi wakauawa. Mwezi Agosti 1893 Höhnel alijeruhiwa na kifaru, ikabidi arudishwe pwani. Baadaye wapagazi wengi walimwacha Chanler, na safari ikavunjika. Hapa ndipo neno linapofichua siri yake. Höhnel alipoondoka, upweke wa msimulizi ulikuwa wa kukosa mtu wa kwao. Wapagazi walipoondoka, safari yenyewe ilikwisha. Wahenga walikwisha kusema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Mali ya Chanler haikuweza kuubeba mzigo hata mmoja.

Mfano wa pili ni Arthur Neumann, mwindaji wa ndovu kutoka Uingereza, aliyepita nchi hizo hizo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1898. Neumann anakumbukwa kama mtu aliyesafiri peke yake, yaani bila Mzungu mwingine. Hata hivyo, mwanzoni mwa 1896, kaskazini mwa ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo na ambalo leo ni Turkana, mpishi wake Shebane aliuawa na mamba, na baada ya siku chache Neumann mwenyewe akajeruhiwa vibaya na ndovu. Waliomuuguza na kumbeba hadi akapona ni wale wale ambao neno "peke yake" huwafuta katika hesabu. Kifo cha Shebane kina nafasi katika kitabu; maisha yake na mazungumzo yake na bwana wake asubuhi za kila siku hayana nafasi ya kutosha.

Yamkini itasemwa kwamba upweke wa wasafiri hao ulikuwa wa kweli, kwa kuwa walikosa mtu wa kuongea naye kwa lugha ya nyumbani. Hoja hii ina uzito, na huzuni yao haipaswi kudhihakiwa. Lakini lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili, nayo ilitosha kuulizia maji, kupatana bei ya chakula na kumwomba mwenyeji aonyeshe njia. Kukosa mwenzi wa kulilia ni jambo moja. Kukosa watu ni jambo jingine.

Tofauti hudhihirika pale kalamu inaposhikwa na upande wa pili. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya 1896 ya Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller. Mtumishi, ambaye katika vitabu vya Wazungu angekuwa kivuli, hapa ndiye mwenye macho na sauti. Anayetazamwa sasa ni mwenyeji wa Ulaya na Asia. Kwa hiyo mhakiki hawezi kusema kwamba wasaidizi wa misafara walinyamaza kwa kuwa hawakuwa na la kusimulia.

Kangeta yenyewe ni ushahidi wa namna nyingine. Jina la mji huu limekuwa pia jina la aina ya miraa, na miraa ni bidhaa isiyosubiri: hupoteza ubora wake baada ya siku mbili hivi. Huchumwa, hufungwa katika majani ya mgomba na kuharakishwa kwenda mbali. Soko la Uholanzi lilifungwa mwaka 2013, na la Uingereza mwaka 2014. Mashamba ya vilimani yakaathirika kwa maamuzi ya mbali. Biashara kama hiyo hutegemea neno la mtu kwa mtu: mchumaji, mfungaji, dereva na mnunuzi. Abiria anayeshuka hapo alfajiri bila mwenzi huingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza.

Ni wajibu wa uhakiki, basi, kuuliza kila neno "peke yake" linapotokea: ni nani aliyekuwa amewasha moto asubuhi hiyo?