Ampli ya gitaa ikinyamaza Kasongo: historia fupi ya kazi ya fundi

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ampli ya gitaa ikinyamaza katikati ya arusi au ibada, hakuna duka la karibu la kununua ingine. Anaitwa fundi wa redio. Kuna sababu ya kumwita yeye, na sababu hiyo ni ya historia.

Zamani gitaa ya Kongo haikuhitaji umeme. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi, ilikuwa gitaa ya mbao na vidole viwili tu. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa ya umeme Léopoldville, kwenye studio ya CEFA. Mwaka huo Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz, na mwaka 1956 OK Jazz ikazaliwa. Tangu hapo, mpiga gitaa bila ampli alikuwa kama bubu.

Gitaa ya umeme yenyewe ina sauti ndogo. Sumaku chini ya nyuzi inageuza mtikisiko kuwa umeme kidogo sana, ampli inaukuza, spika inaurudisha kuwa sauti. Ampli za kwanza zilitumia taa za kioo, zinazopata moto na kula umeme mwingi. Transista, iliyovumbuliwa Marekani Desemba 1947, ilileta redio ndogo za mawe, nazo zikafika hata vijiji visivyo na umeme. Ndani ya kila redio mna ampli ndogo. Aliyejifunza kufungua redio alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Fundi mzuri hakimbilii bisibisi. Anafuata njia ya sauti, hatua kwa hatua. Kwanza umeme: hapa unatoka kwa jenereta, sola ao betri ya gari, na mara nyingi kosa liko huko. Taa ya ampli isipowaka, anatazama waya, kisha fyuzi. Fyuzi iliyoungua inabadilishwa kwa ingine ya namba ileile, kamwe si kwa kipande cha waya, kwa maana imekufa ili ampli isife. Ikiungua tena, kosa liko ndani.

Taa ikiwaka bila sauti, anabadilisha kwanza kamba ya gitaa, anatazama na volumu ya gitaa yenyewe. Kisha anachomeka simu mahali pa gitaa. Muziki ukisikika, ampli ni nzima: mgonjwa ni gitaa ao kamba. Usiposikika, anazima, anachomoa spika, na kugusisha nyaya zake kidogo kwa jiwe la redio. Ikilia "tak", spika iko hai. Kinachobaki ni ndani ya ampli, na hapo asiyejua asifungue: kondensa zinaweza kushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Ampli ya taa nayo isiwashwe bila spika. Inaweza kuunguza transfoma yake.

Ujuzi huu una uzito wake. Remmy Ongala, mwana wa Maniema aliyezaliwa upande wa Kindu mwaka 1947, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Baadaye aliongoza Super Matimila, bendi ambayo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Ndivyo ilivyokuwa kwa bendi nyingi: mwenye vyombo ndiye mwenye neno. Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alishika njia ingine: alikuza sauti ya likembe kwa sumaku za vyuma vya magari, na mwaka 2004 diski yao Congotronics ikafika ulimwengu mzima.

Kijana wa Kasongo ao Kabambare hana pesa ya kununua ampli mpya kila mwaka. Lakini akikaa karibu na fundi mzee wa redio, akajifunza kufuata njia ya sauti, ampli moja kuukuu inaweza kulisha bendi nzima. Mafundi hao wanazeeka, na kazi yao haijaandikwa popote ila mikononi mwao.