Miaka ya Jela katika Ngome ya Mombasa

Kila mtoto aliyesoma Mombasa anajua kwamba Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Nami nimesomesha hivyo miaka mingi. Siku ya ziara wanafunzi hukimbilia mizinga. Mimi huwasimamisha kwanza chini ya ukuta, pale mwamba wa matumbawe ulipochongwa ukawa msingi, waone jiwe la Mungu linapoishia na kazi ya fundi inapoanzia.

Hapo huwasimulia vita vya Waomani. Waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi zaidi kuliko risasi, na Wareno walipokwisha, ulinzi ukashikwa kwa muda na Sheikh Daud wa Faza, Mswahili wa visiwa vya Lamu. Wanafunzi hushtuka kusikia hivyo, na nafurahi wakishtuka, kwa sababu wamezoea kuhesabu historia hii kuwa ugomvi wa wageni watupu. Kisha twaingia kuangalia vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu iliyoleta msaada ikazama mbele ya ngome mwaka 1697.

Lakini kipindi kinachoniuma ni kile ambacho ziara nyingi hukipita mbio. Kuanzia 1895 hadi 1958 serikali ya Waingereza iliigeuza ngome kuwa jela. Ni miaka 63! Mahali ambapo leo watoto hula mandazi yao kivulini, watu wetu walifungwa. Mwaka 1958 jela ikaondolewa, ngome ikatangazwa kuwa mnara wa kumbukumbu. Mwanaakiolojia James Kirkman akachimba na kukarabati kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian, na miaka michache baadaye makumbusho yakafunguliwa. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Habari za Wareno zimeandikwa vitabuni, hazipotei. Za jela zimo vifuani mwa watu.

Walimu wenzangu, kabla basi halijaondoka shuleni, wapeni watoto kazi moja: wamuulize babu au nyanya anakumbuka nini kuhusu jela ya Ngomeni, waandike jibu, waje nalo. Msingoje muhula ujao. Aliyekuwa na miaka 10 jela ilipofungwa, sasa anakaribia 80.