Jinsi ya kumtambua mbung'o kwa picha

MBUNG'O ni nzi anyonyaye damu ambaye makao yake ni Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara. Dume na jike wote huuma, na ndio wanaoeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Zipo aina zipatazo 30, nazo hazina tabia moja. Kwa sababu hiyo, anayetaka kumwangamiza mdudu huyu sharti kwanza ajue ni aina ipi iliyomvamia. Picha nzuri inaweza kumsaidia pakubwa, mradi ajue cha kutazama.

Je, ni mbung'o kweli?

Nzi wanaouma ni wengi, na mara nyingi pange au nzi wa zizini hudhaniwa kuwa mbung'o. Ishara ya kwanza ni mabawa. Mbung'o anapotua, bawa moja hulala juu ya jingine mithili ya makasi yaliyofumbwa. Nzi wa zizini, ingawa naye ana mrija mgumu unaoelekea mbele, mabawa yake huachana kama mkia wa panzi.

Ishara ya pili imo ndani ya bawa lenyewe. Katikati yake, mishipa huzunguka sehemu yenye umbo la shoka. Nzi mwingine yeyote hana alama hii, na hata bawa lililong'oka pekee hutosha kuthibitisha kwamba huyo alikuwa mbung'o.

Ni wa aina gani?

Wataalamu hugawa mbung'o katika makundi matatu: wa mbugani, wa kandokando ya maji, na wa msituni. Hapa jicho hugeukia nyayo za miguu ya nyuma, zenye vipingili vitano. Kwa mbung'o wa majini, vipingili vyote ni vyeusi. Kwa wale wa mbugani, ni viwili vya mwisho tu. Wa msituni hutambulika hasa kwa ukubwa wa mwili.

Nchini Kenya, Glossina pallidipes ndiye asumbuaye wafugaji wengi, na hupatikana Lambwe, Nguruman na Shimba Hills. Nyayo zake za mbele na za kati hazina ncha nyeusi. Glossina swynnertoni wa Maasai Mara anazo. Glossina longipennis ana madoa manne meusi mgongoni, juu ya kifua. Glossina brevipalpis ana doa jeusi katikati ya bawa. Glossina austeni wa vichaka vya pwani ni mdogo na rangi yake yakaribia kutu. Glossina fuscipes huishi kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwa nini aina ni muhimu

Mtego umfaao mmoja haumfai mwingine. Mtego wa Ngu, uliobuniwa Nguruman katika miaka ya 1980 kwa kitambaa cha buluu na cheusi, hutiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe, na humnasa pallidipes kwa wingi. Fuscipes havutiwi sana na harufu ya ng'ombe. Austeni naye huingia mitegoni kwa nadra, na Zanzibar alinaswa kwa vibao vyenye gundi. Huko Unguja aliangamizwa kabisa mnamo 1997, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi kuachiliwa kwa wingi. Mfugaji akikosea aina, fedha za mtego zimekwenda bure na ng'ombe wanaendelea kukonda.

Picha ifaayo

Nzi mmoja apigwe picha tatu: kutoka juu akiwa amekunja mabawa, kutoka ubavuni mrija ukionekana, na ya karibu sana ya nyayo. Awekwe juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa kando yake, penye mwanga wa kutosha usio wa jua kali. Mahali, tarehe na saa viandikwe, kwa maana longipennis, kwa mfano, huruka zaidi magharibi. Nzi mwenyewe asitupwe. Ahifadhiwe ndani ya spiriti, kwani aina zinazofanana sana hutenganishwa kwa viungo vya uzazi, ambavyo huhitaji darubini.

Kisichoonekana

Hakuna picha iwezayo kuonyesha iwapo mbung'o amebeba vimelea. Hilo hujulikana kwa kumpasua au kumpima maabara. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa nchini alikuwa wa 2009. Hata hivyo mbung'o wangalipo, na nagana ingali inaua mifugo. Kuwatambua mapema ndiyo njia ya kuzuia malale yasirudi.