Kisiki

Mtu asiyetikisika huitwa kisiki cha mpingo. Kwingine kote neno hili tunalitumia kwa kitu kilichokufa: mti umekatwa, kimebaki kisiki, basi. Kwa anayepanda miti Shume, Lushoto, au mitiki Longuza, Muheza, maana hiyo ya pili ni ya hatari.

Kuvu iitwayo Armillaria, inayojulikana Afrika Mashariki kwa kuozesha mizizi ya misindano na michai, huishi miaka mingi ndani ya visiki vya msitu wa asili uliofyekwa. Humo hula, kisha husambaa mizizi ikigusana, au kwa nyuzi nyeusi zinazofanana na kamba za viatu. Msindano hugeuka manjano, utomvu huvuja shinani. Bandua gome chini kabisa na utaona utando mweupe.

Wazee wa mashamba ya chai walichuna gome kuzunguka mti wa msitu kabla ya kuukata, ili wanga wa mizizini uishe na kuvu ikose chakula.

Ndugu msomaji, unapoandaa shamba la miti, ng'oa visiki pamoja na mizizi yake.