Lugha Iliyopigiwa Kura

Watu wengi hudhani kuwa Wachina wote husema lugha moja, kwa sababu maandishi yao ni mamoja. Ukweli si huo. Mtu wa Beijing, upande wa kaskazini, akikutana na mtu wa Guangzhou, upande wa kusini, na kila mmoja akashika usemi wa kwao, hawatasikilizana. Lakini wakipewa karatasi na kalamu, wataelewana kwa kadiri kubwa. Semi hizo kwa desturi huitwa lahaja za Kichina, ingawa tofauti zake ni kubwa kuliko zile za Kimvita na Kiunguja. Basi fuatana nami, msomaji, tuone jinsi wanazuoni wa nchi hiyo walivyozichunguza lahaja hizo, na jinsi watawala walivyotaka kuzifanya usemi mmoja.

Mwaka 221 kabla ya Kristo, mfalme wa Qin aliziunganisha falme zilizokuwa zikipigana, na maandishi yakafanywa ya namna moja katika nchi nzima. Amri yake iliwafikia waandishi wote, lakini haikuweza kufika kwenye ndimi za watu. Kila jimbo liliendelea kusema kwa namna yake.

Karibu miaka mia mbili baadaye akatokea mtu aliyeona kuwa namna hizo zastahili kuandikwa. Jina lake Yang Xiong, aliyezaliwa mwaka 53 kabla ya Kristo katika nchi ya Shu, kusini-magharibi. Alikuwa na kigugumizi, hakuweza kusema kwa wepesi. Lakini alijua kusikiliza. Askari na maofisa walipofika mji mkuu wa Chang'an kutoka mikoa ya mbali, Yang Xiong aliwaendea na kalamu yake na kipande cha hariri, akawauliza: Kwenu kitu hiki chaitwaje? Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka 27. Katika kitabu chake, kiitwacho Fangyan, twasoma kwamba chui mkubwa mwenye milia aliitwa lifu katika nchi fulani, li'er katika nyingine, na bodu katika nyingine tena.

Usidhani kuwa kazi ya namna hii ilimweka mbali na hatari za dunia. Wang Mang alipotwaa kiti cha enzi, baadhi ya watu waliojuana na Yang Xiong walishitakiwa. Maofisa walipokuja kumkamata, walimkuta ghorofani katika nyumba ya vitabu, akilinganisha maandishi. Kwa hofu alijirusha chini, akaponea chupuchupu. Baadaye ilionekana kuwa hakuwa na hatia. Aliishi hata mwaka 18 baada ya Kristo, na kitabu chake kinasomwa mpaka leo.

Sasa turuke karne nyingi. Mwaka 1911 mapinduzi yalizuka katika China, na mwaka uliofuata ufalme ukaanguka na nchi ikawa jamhuri. Viongozi wapya waliona kuwa taifa haliwezi kusimama imara ikiwa raia hawasikilizani. Mwaka 1913 wakaita mkutano Beijing ili kuamua matamshi ya lugha ya taifa. Mwenyekiti alikuwa Wu Zhihui. Wajumbe walipitia zaidi ya maneno 6,500, wakipiga kura juu ya matamshi ya kila moja.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Majimbo ya Jiangsu na Zhejiang, karibu na Shanghai, yalikuwa na wajumbe wengi. Wang Zhao, kiongozi wa watu wa kaskazini, alidai kwamba kila jimbo liwe na kura moja tu, bila kujali idadi ya wajumbe wake. Kwa njia hiyo semi za kaskazini zingeshinda, maana zilitumika katika majimbo mengi. Ugomvi ukawa mkali. Husimuliwa kuwa siku moja mjumbe wa kusini, Wang Rongbao, alikuwa akizungumza na mwenziwe kwa lahaja ya kwao, akataja gari la kukokotwa na mtu. Wang Zhao alilisikia neno hilo kama tusi zito la kaskazini. Akakunja mikono ya nguo, akamfukuza mwenziwe nje ya ukumbi. Je, waweza kupata mfano bora kuliko huo wa kuonyesha haja ya mkutano wenyewe?

Mwisho wake wajumbe walikubaliana. Matamshi waliyoyapitisha yalielekea zaidi upande wa Beijing, lakini waliongeza mambo ya mahali pengine ili kila upande upate fungu lake. Kwa mfano, walitia ndani sauti fupi ya kukatizwa ambayo watu wa Beijing walikwisha iacha zamani. Ilikuwa suluhu ya haki, kama ugawaji wa urithi. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Hapakuwa na mji wala kijiji ambacho watu wake walisema hivyo.

Alihitajika mtu wa kuyatamka matamshi hayo ili walimu wayasikie. Akachaguliwa Zhao Yuanren, kijana aliyezaliwa Tianjin mwaka 1892, aliyesoma hisabati na falsafa katika Marekani. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Mwaka 1920 alipokuwa mkalimani wa mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, alijifunza lahaja ya Hunan safarini kutoka kwa mwenziwe, akaitumia kutafsiri hotuba katika mji wa Changsha. Baada ya hotuba, msikilizaji mmoja alimwuliza yeye ni mwenyeji wa wilaya gani ya Hunan. Mwaka 1921, huko New York, Zhao alitia lugha mpya ya taifa katika sahani za santuri. Baadaye alisema kwa mzaha kuwa kwa miaka 13 alikuwa msemaji pekee wa lugha iliyokusudiwa mamia ya mamilioni ya watu. Mwaka 1932 serikali ikaiacha suluhu ile, ikafuata matamshi ya watu wa Beijing kama walivyosema wenyewe.

Lakini Zhao hakungoja amri ya serikali ili asikilize watu. Mwaka 1927, nchi ikiwa katika vita, alisafiri na msaidizi wake katika Jiangsu na Zhejiang, akachunguza usemi wa mahali 33. Na mwaka 1928 akatoa kitabu chake. Ilimpasa kuandika sio herufi tu bali pia kupanda na kushuka kwa sauti, maana katika Kichina sauti hubadili maana. Neno ma la Beijing laweza kuwa mama, katani, farasi au kutukana. Msomaji asemaye Kikuyu au Kijaluo nyumbani hatashangaa, maana lugha hizo nazo zina tabia hiyo. Mwaka 1930 Zhao akatoa alama za kuonyesha sauti hizo kwa ngazi tano, na wanazuoni wanazitumia hata leo.

Serikali iliyoshika nchi mwaka 1949 iliendelea na njia ile ile. Mwaka 1956 iliamuru kuenezwa kwa putonghua, yaani usemi wa watu wote, unaofuata matamshi ya Beijing. Na mwaka 1958 ikakubali pinyin, namna ya kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini. Faida yake haikanushiki. Lakini watoto wengi waliacha usemi wa bibi zao. Mwaka 2010 watu wa Guangzhou walitoka barabarani kuitetea lugha yao katika televisheni, na mwaka 2015 serikali yenyewe ilianzisha kazi kubwa ya kurekodi lahaja kabla hazijapotea. Imerudi kwenye swali la Yang Xiong: Kwenu kitu hiki chaitwaje?

Nasi tuna jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mbele ya Kimvita chenye hazina kubwa ya mashairi. Kiunguja kilikuwa na wasemaji wake, nacho kilienea. Lakini uteuzi huo haukuwa hukumu ya kwamba Kimvita au Kiamu ni makosa.

Basi, msomaji, jifunze vema lugha ya wote, maana bila hiyo waweza kupigana na mwenzio kwa ajili ya gari la kukokotwa. Lakini ukienda likizo nyumbani, chukua daftari. Mwulize bibi yako neno moja usilolijua, uliandike pamoja na jina la kijiji chake. Yang Xiong alianza kwa neno moja vivyo hivyo.